Mtani na Debe la Karneshoni

Gari moshi la kutoka bara liliposimama Munisagara asubuhi ile, abiria wa daraja la tatu walimwona kijana akipanda kinyumenyume, maana mbele alikuwa amekumbatia debe. Kijana mwenyewe alivaa suruali ya bugaluu iliyofagia ngazi za behewa, viatu vya raizoni vilivyomwongezea kimo ambacho Mungu hakukipanga, na nywele zilizochanwa zikasimama kama zimesikia habari mbaya. Akapata nafasi dirishani, akalipakata debe lake, akalizungushia mikono kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa.

Ndani ya debe palikuwa na mmea. Majani yake yalikuwa membamba, ya kijani kilichofifia, kama yamepakwa jivu. Juu kabisa, kwenye ncha ya shina lililofungwa kwenye kijiti, lilikaa ua moja jekundu, kingo zake zimechanikachanika kama fundi cherehani amelipitishia mkasi wa meno.

"Kaka," akasema mama mmoja aliyekaa mkabala naye na tenga la kuku, "mgonjwa wako huyo unampeleka hospitali?"

"Si mgonjwa, mama. Ni bibi arusi."

"Mbona ananukia pilau?"

"Pilau ndiyo arusi yenyewe, mama. Mengine yote ni hotuba."

Behewa zima likacheka. Kijana naye akacheka, halafu akageukia dirishani, akawa anatazama maji ya Mkondoa yakikimbizana na reli huko chini, na kicheko kikamwisha usoni kabla hakijawaisha wenzake. Huo ndio ulikuwa msiba wa Vitalis. Alikuwa amesema kweli tupu, na watu walikuwa wamecheka.

Vitalis alikuwa karani wa stesheni, Mnyamwezi wa Tabora. Yudith, ambaye debe lile lilikuwa linakwenda kwake, alikuwa Mkaguru, mwalimu wa darasa la pili pale Kilosa mjini. Na Mnyamwezi na Mkaguru ni watani, tangu zamani za wapagazi waliokuwa wakipita na mizigo vichwani kwenda pwani. Mtani haulizwi. Huingia nyumbani kwako bila hodi, akainua kifuniko cha chungu chako, akakuita mwizi mbele ya wajukuu wako, akatoka na jogoo wako kwapani, nawe unatakiwa ucheke. Ukikasirika, unatozwa faini. Ni haki tamu sana kwa mtu ambaye hajampenda mtu. Ukishapenda, inageuka kitanzi, kwa sababu mtani akisema "nakupenda", wenye nyumba hushika mbavu.

Vitalis alikwisha kulisema. Mwaka uliopita, kwenye kipaimara cha mdogo wake Yudith, alisimama na bakuli lake la wali mkononi akatangaza mbele ya wageni wote kwamba yeye atamwoa Yudith. Mama Yudith alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Mjomba Melkizedek alicheka mpaka akapaliwa. Yudith naye alicheka, lakini yeye kicheko kilimwisha mapema kuliko wengine, akabaki anamtazama Vitalis sekunde kidogo zaidi ya zile zinazoruhusiwa. Hizo sekunde kidogo ndizo zilizomkosesha Vitalis usingizi.

Kwa hiyo akaanza kwenda kumwangalia akitunza maua. Pembeni mwa nyumba yao palikuwa na kitalu cha karneshoni, mbegu ambayo mama yake aliishusha kutoka misheni ya milimani alipoolewa. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amepita akihimiza kila kiwanja kipandwe mihogo. Mama Yudith akaipanda, tena mingi, akakizungushia kitalu, na karneshoni zikajipatia kivuli cha bure cha jua la alasiri. Yeye aliziita "maua ya karafuu", kwa ile harufu yake. Siku ya kwanza Vitalis alisikia "karafuu" akaielewa kwa akili ya stesheni. Akaenda dukani, akanunua karafuu za pilau, akazipanda kwenye kopo, akazimwagilia mvua zote za vuli. Yudith alipokuja kuambiwa, alikaa chini pale pale kitaluni, mikono ina udongo, akacheka hadi sauti ikamkauka. Kisha akakata tawi changa chini ya kifundo, akalifunga kwa jani bichi la mgomba.

"Shika," alimwambia. "Maneno yako nimeyazoea, yanaota kila mahali kama magugu. Hili haliendi kwa maneno. Likitoa ua mikononi mwako, nitajua."

"Utajua nini?"

"Nitajua," alisema Yudith, akarudi kwenye maua yake.

Masika yalipoanza, Vitalis akahamishwa kutoka stesheni ya Kilosa, akapelekwa Munisagara. Sasa ilikuwa kipupwe, na mpiga bendera wa gari la mizigo alikuwa amemletea ujumbe wa mdomo, neno kwa neno kama alivyokabidhiwa: Mjomba anashuka Jumamosi kumjibu Mwalimu Cleopa. Kama tawi langu limekufa, usije.

Mwalimu Cleopa alikuwa mwalimu mkuu huko milimani, Mwanglikana kama wao, mtu wa tai na baiskeli iliyofutwa vumbi. Hakuwa mbaya, na hilo lilimuudhi Vitalis kuliko yote. Alikuwa amepeleka posa kwa utaratibu, na katika ukoo wa akina Yudith neno la mwisho la binti si la baba, ni la mjomba. Mjomba akishatamka leo mbele ya dada yake, limetamkwa.

Vitalis akalisogeza debe mbali na mdomo wa kuku.

*

Alimkuta Yudith ameinama kitaluni, kampa mgongo. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni juu ya gauni la kazi, na vidole vyake vilikuwa vikipita kwenye shina moja baada ya jingine, vikitafuta matumba madogo ya pembeni na kuyang'oa, ili nguvu yote iende kwenye tumba moja la juu. Kila tumba lilitoka kwa mlio mdogo, tik, kama ulimi unaoonya mtoto. Vitalis alikuwa ameona mafundi wa reli wakikaza mataruma, na alikuwa ameona mapadri wakiinua kikombe cha misa. Hakuwahi kuona mikono inayojua kazi yake namna ile bila hata kuitazama. Alisimama pale langoni akiwa na debe lake, akatamani gari moshi la kumrudisha lichelewe kesho, na keshokutwa, na mwaka mzima.

"Hodi," akasema.

Mikono ikasimama.

"Tangu lini mtani anapiga hodi?" Yudith akauliza bila kugeuka.

"Tangu leo."

Akageuka. Macho yake yalipita usoni kwa Vitalis kama gari la mizigo linavyopita stesheni ndogo, bila kusimama, yakaenda moja kwa moja kutua debeni. Yakakaa huko.

"Liweke chini," alisema taratibu. "Hapo kivulini."

Vitalis akaliweka. Yudith akachuchumaa, akaingiza kidole kwenye udongo mpaka kwenye kiungo cha pili, akakitoa, akakitazama.

"Umechanganya majivu."

"Uliniambia."

"Na changarawe chini."

"Ya reli. Usimwambie mtu."

Akageuza jani, akachungulia upande wa pili, akatafuta doa la kutu asilione. "Jioni ulikuwa unamwagilia?"

"Asubuhi tu, shinani. Ulisema maji ya jioni yanaozesha."

"Na jua la huko?"

"Kila mchana nilikuwa nalihamishia nyuma ya tangi la maji. Mkuu wangu wa stesheni aliniuliza kama nimeanza tambiko. Nikamwambia ndiyo. Akaniacha."

Yudith alitaka kutabasamu, akakumbuka kwamba yeye ndiye mkaguzi. Akainamisha uso mpaka pua ikagusa ua. Akafumba macho. Vitalis aliona kope zake, na jasho jembamba juu ya mdomo wake wa juu, na punje ya udongo iliyobaki shavuni alipojifuta kwa mkono, na akahisi kwamba mtu akimwuliza jina lake saa ile itabidi aombe muda.

"Inanukia kuliko za kwetu," Yudith akasema huku bado amefumba macho. "Za huku chini joto linazilewesha. Nilikuwa na hakika utanunua ua mahali ukalichomeka kwenye udongo."

"Niliwaza hivyo. Hakuna anayeuza."

"Vitalis."

"Naam."

"Kwa nini umelikuza?"

Sasa alikuwa amefumbua macho, na macho hayakwenda tena debeni. Vitalis akafungua mdomo. Mzaha ukamjia ulimini mbio, kama mbwa anayemjua bwana wake: *ili nipate pilau*. Akaumeza. Ukaja mwingine. Akaumeza huo nao. Alikuwa hajawahi kugundua kwamba nyuma ya mizaha yake kulikuwa na mtu, na mtu huyo hakuzoea kusemeshwa.

"Kwa sababu," akaanza.

"Ni Mnyamwezi huyo nimnusaye?" ikanguruma sauti ndani ya nyumba. "Au kuna panya amefia darini?"

Yudith akasimama, akajipangusa magoti. "Mjomba yuko ndani tangu asubuhi," alisema chini chini. "Chai imenywewa, mihogo imeliwa. Jina la Cleopa limetajwa, na mama amenyamaza. Unajua maana ya mama yangu kunyamaza?"

"Anakubali?"

"Hana mwingine wa kumtaja."

*

Mjomba Melkizedek alitokea mlangoni akiwa na koti lake la kanisani, kofia ya pama na fimbo. Alikuwa mrefu, mzee wa kanisa, mtu ambaye watoto wa milimani waliacha kupumua alipopita. Lakini alipomwona Vitalis uso wake ulifunguka kama dirisha, akaonyesha pengo la meno mawili, na ungedhani ameteremka milima yote ile kwa ajili ya hilo tu.

"Mpagazi," akasema. "Leo wamekubebesha debe? Pembe za ndovu zimekwisha?"

Kwa watani hakuna shikamoo. Tangu wajuane, Vitalis hakuwahi kumwamkia mzee huyu, na mzee huyu asingemsamehe kama angemwamkia.

"Bado uko hai tu?" akajibu Vitalis. Ulimi ulikwenda wenyewe, kwa mazoea. "Nimekuja na debe nichukue vipimo. Wenye jeneza waliniambia ubao hautoshi, ulimi wako peke yake unataka sanduku lake."

"Na nani atalibeba? Ninyi mkibeba kitu mnakifikisha nusu. Babu yangu alimpa babu yako jogoo ampelekee ndugu Bagamoyo. Mpaka leo tunamsubiri."

"Alifika. Ila alifika tumboni."

Mzee akapiga fimbo chini kwa raha. Mama Yudith, mwanamke mnene mpole, akatoka na kigoda na kikombe, naye tayari mabega yanamtikisika. "Karibu, baba," alimwambia Vitalis. "Umekonda. Munisagara hawali?"

"Wanakula, Mama, ila hawanipi."

Wote wakacheka, isipokuwa Yudith. Yeye alikuwa amesimama kando ya mihogo, mikono ameikunja, anamtazama Vitalis, na Vitalis akaona jambo ambalo lilimwingia kama ubaridi. Kila aliposema neno likachekesha, Yudith alikuwa anasogea mbali. Miguu yake haikutoka pale ilipo. Lakini alikuwa anaondoka.

"Basi, mtani," akasema Mjomba akishuka kibarazani, "umenikuta katika shughuli. Namtafutia binti mume. Nimepata mtu wa maana, si kama ninyi mnaolala stesheni na kuamkia stesheni nyingine. Nitakapomtoa, wewe utakuja kuosha sufuria." Akafika penye kivuli. "Na hiki ni nini?"

Kabla mtu hajasema kitu, aliinama, akalishika ua lile jekundu chini ya shingo yake, akalivunja. *Tik.* Akalinusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akalichomeka kwenye tundu la kifungo cha koti lake la kanisani.

"Ahsante, mtani. Kesho kwenye ibada watadhani nimekuwa askofu."

Mama Yudith akacheka. Ilikuwa haki ya mzee, haki safi, kama ile ya Vitalis alipotwaa jogoo wake Krismasi iliyopita akamla na wenzake wa reli. Mbele ya utani hakuna mali. Sasa ilikuwa zamu ya Vitalis kujibu, na jibu lilikuwepo, tena zuri. Angeweza kusema ua la maiti huwekwa kifuani, kwa hiyo mzee amejiandaa mwenyewe. Wangecheka mpaka jua lizame.

Vitalis alitazama shina. Pale juu palipokuwa na ua, palibaki kisiki cha kijani chenye tone dogo la maji.

"Rudisha," akasema.

"Ati nini?"

"Nimesema ulirudishe, mzee."

Neno hilo "mzee" lilianguka pale uani kama sahani. Mama Yudith akaacha kucheka mdomo ukiwa bado wazi. Mjomba Melkizedek akageuza kichwa polepole, akamtazama kijana kana kwamba amegeuka mtu mwingine mbele ya macho yake.

"Mtani," alisema kwa upole wa onyo, "unakasirika?"

"Ndiyo."

"Mtani hakasiriki."

"Basi leo mimi si mtani. Unajua hilo ua limetoka wapi? Mvua ya mawe ilipopiga Munisagara nilitoka na shuka langu nikalifunika hilo, nikalala bila shuka. Mbuzi wa jirani alipolila kichwa nililia, mzee, mimi mtu mzima, na jirani akaona. Nimelizungumzisha. Nimemaliza mizaha yangu yote kwa mmea. Nimekuja nalo magotini, nikiogopa hata kukohoa, nije nimpe mtu mmoja. Mtu mmoja tu. Nilipomsema mbele yenu mlicheka, na mimi nikacheka nanyi, kwa sababu ndiyo kazi yangu hapa. Leo sicheki. Nimekuja kuposa. Na wewe umelichuma kama kisamvu."

Mahali fulani nyuma ya nyumba kuku alitangaza yai lake, akaona hakuna anayemsikiliza, akaacha.

Vitalis hakuthubutu kumtazama Yudith. Alijua alichokifanya. Mgeni, kijana, amemkemea mjomba wa binti katika uwanja wa dada yake, na amevunja utani, jambo ambalo hata walevi hawalifanyi. Kilichobaki ni kuchukua debe lake na kuondoka.

Mjomba alivuta kigoda, akakaa. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Usidhani nilikuwa nakujaribu," alisema hatimaye. "Sikukujaribu. Nilipenda ua, nikachuma ua. Kwa mtani wangu."

"Najua."

"Mtani akikasirika hutozwa."

"Nitatoa. Kuku, mbuzi, utakachosema."

"Kuku ni wa faini." Mzee alikuwa anaikunja pama yake na kuikunjua. "Mbuzi tusimtaje bado. Mbuzi ana mazungumzo yake." Akamtazama dada yake. "Umesikia, dada?"

"Nimesikia, kaka," alisema Mama Yudith. Alikuwa amekaa chini kibarazani, kanga mdomoni. "Kumbe siku ile ya kipaimara hakuwa anacheza."

"Hakuwa anacheza," Mjomba akarudia, kama mtu anayepiga hesabu upya na kupata jibu jingine. "Wewe ni Mkatoliki."

"Ndiyo, mzee."

"Na reli itakuhamisha. Kesho Kigoma, keshokutwa Tanga. Nimwone wapi mtoto wa dada yangu?"

"Huwa nasafiri bure, na mke wangu atasafiri bure. Wewe utatuchoka."

Mdomo wa mzee ulitaka kucheka, akaukataza. Ndipo akasema jambo ambalo Vitalis hakulitegemea, tena kwa sauti ya chini, kama lilikuwa linamtoka bila ruhusa.

"Na mimi je? Umenifikiria mimi?"

"Wewe, mzee?"

"Nikikupa huyu, wewe ni mkwe. Mkwe hataniwi. Utaingia humu kwa hodi, utakaa mbali, utaniinamia, nitakuuliza habari za kazi, utasema nzuri. Basi. Huko juu kila mtu ananiogopa, kijana. Hata mke wangu ananiita Mzee wa Kanisa. Nashuka huku naambiwa ulimi wangu unataka jeneza lake, narudi nimepona magoti. Na nikifa nani atalala kaburini mwangu akatae kutoka mpaka apewe sanda? Uliniahidi wewe."

Vitalis alikuwa amekuja akijua anataka kupata nini. Hakuwa amefikiri kwamba mtu mwingine hapa ana cha kupoteza.

"Kuna Kasiani," alisema mwishowe. "Rafiki yangu, fundi wa injini, Mnyamwezi wa Nzega. Nitakuletea."

"Ana mdomo?"

"Mbaya kuliko wangu. Alifukuzwa kwenye arusi yake mwenyewe."

Mzee alilitafakari hilo kwa muda, akaliona lina uzito. Kisha akalichomoa ua kwenye koti, akaliangalia, akainuka. Hakumrudishia Vitalis. Alivuka uwanja mpaka penye mihogo, akamnyooshea Yudith.

"Mwanangu, mbegu ni yako. Mimi ningesema Cleopa, na ningesema vizuri. Lakini sijaona Cleopa akikasirika kwa ajili yako. Sema wewe."

Yudith akalipokea kwa mikono miwili, goti moja limekunjwa kidogo, kama inavyotakiwa. Akaja mpaka kwenye debe, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye shina lililokatwa, kutoka juu kushuka chini. Kidole kikasimama. Akafunua majani mawili.

"Vitalis."

"Naam."

"Hili ni nini?"

Vitalis akainama. Chini ya jani, limejibana shinani, palikuwa na tumba dogo la pembeni, la kijani, lenye mstari mwembamba mwekundu unaoanza kupasuka kichwani.

"Nilikuambia uyatoe yote ya pembeni," alisema Yudith kwa sauti ya darasa la pili. "Yote. Ndiyo maana ua lako ni dogo. Nililiona lilivyo dogo nikanyamaza."

"Niliyatoa mengine."

"Na hili?"

"Hili nililishika." Akajikuna kisogo. "Nililishika asubuhi tatu. Likawa linanitazama. Nikasema, haya, kaa, usimwambie mwalimu."

Yudith alibaki ameinamisha uso. Mabega yakaanza kumtikisika, na Vitalis alidhani analia, kisha akadhani anacheka, na alipoinua uso ilionekana kwamba alikuwa amefanya yote mawili bila kuchagua. Alimtazama. Safari hii sekunde zilizoruhusiwa zilipita, zikaja nyingine zikapita, na wala hakuyaondoa macho. Halafu akalichomeka ua lile lililovunjika kwenye nywele zake, juu ya sikio, akainuka na debe kifuani.

"Mama," akasema, "hili litakaa hapa hapa, upande wa asubuhi. Litafunguka wiki ijayo." Akapita mbele ya Vitalis karibu sana, karafuu, udongo na jasho la kazi vikampita pamoja, akasema bila kugeuka, "Uwepo."

Mama Yudith aliinuka kibarazani kwa kishindo. "Nitaongeza maji ya chai," alitangaza, ingawa hakuna aliyeuliza, akaingia ndani, na huko ndani wakamsikia akipiga kigelegele kimoja kifupi, cha chini chini, cha kujaribia.

Uwanjani wakabaki wanaume wawili. Mjomba Melkizedek alikuwa amesimama na fimbo yake, tundu la kifungo tupu, akitazama upande wa mihogo kana kwamba anaikagua. Vitalis alijua kwamba ni zamu yake. Akajifunga kifungo cha shati cha juu, ambacho hakikuwahi kufungwa tangu liliposhonwa. Akatembea mpaka mbele ya mzee, akainamisha kichwa chenye nywele zote zile.

"Shikamoo, Mjomba," akasema.

Mzee alimtazama kijana kama mtu anayemsindikiza ndugu na gari moshi limekwisha kupiga honi. Akavaa kofia yake. Akaisawazisha.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri, Mjomba."

"Haya," alisema Mjomba Melkizedek, akapepesa macho, akageukia mlangoni. "Twende tukanywe chai. Na huyo Kasiani, Jumamosi ijayo, asikose."